Wafungwa wa zamani waliwezaje kumwandikia mtawala, na kuna aliyetolewa kwa barua?

MchapaBarua

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mchapaji wa barua. Nina meza, kiti cha plastiki, kompyuta na printa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka geti la mahakama. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Watu wanakuja na maneno yao, mimi nayapanga mstari kwa mstari. Wateja wangu wengi ni akina mama ambao vijana wao ni mahabusu. Mama anasema, "Andika kwamba mwanangu hana hatia." Nachapa, nasoma kwa sauti, anaweka dole gumba, anaikunja karatasi na kuichomeka ndani ya kanga, anaondoka. Mara nyingi sijui iliishia wapi.

Wiki iliyopita mama mmoja alinikosesha usingizi. Tulikuwa tumemaliza barua ya nne kwa jambo lile lile, la kijana wake wa mwisho. Akaiangalia karatasi, akaniuliza, "Baba, hivi tangu dunia iumbwe kuna mtu hata mmoja aliyetoka kifungoni kwa barua?" Nilikosa jibu. Nilirudisha pesa yake, akaikataa, akasema yeye hakuuliza habari ya pesa.

Kwa hiyo nauliza wanaojua historia. Miaka ya 1500 hadi 1700, mfungwa aliruhusiwa kumwandikia mfalme au mtawala? Nani alimwandikia, maana wengi hawakujua kusoma? Barua ilifika? Ilisomwa? Naomba mfano wa kweli, wenye majina na miaka. Nikiupata nitamsomea.

BintiPongwe

Kaka, shikamoo. Jibu la mama huyo ni ndiyo, yupo, na jina lake ni Katharina Kepler.

Nakuandikia nikiwa Stuttgart, Ujerumani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Leonberg, mji alikoishi Katharina, ni safari fupi ya treni kutoka kwangu, na siku zangu za mapumziko nimekwenda huko mara nyingi kuliko ninavyokwenda mjini kununua nguo. Habari zake zimenikaa moyoni kwa sababu alipokamatwa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na mabibi ninaowaogesha kila asubuhi ni wa umri huo huo. Najua kifundo cha mguu cha bibi wa miaka 74 kilivyo. Ngozi ni kama karatasi ya msahafu wa zamani, ukiishika vibaya inachubuka. Katharina alifungwa mnyororo akiwa hivyo, akakaa nao miezi kumi na minne.

Alikuwa mjane kwa namna fulani, maana mumewe aliondoka kwenda vitani na hakurudi. Aliishi kwa kulima, kufuga na kutibu watu kwa majani. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1615 jirani yake Ursula Reinbold, mke wa fundi vioo, alisema kwamba Katharina aliwahi kumpa kinywaji kichungu na tangu hapo anaumwa. Maana yake: mchawi. Kwa wakati ule na mahali pale neno hilo lilikuwa ni kuni tayari. Liwali wa mji, Lutherus Einhorn, alikuwa upande wa mshtaki, na mwaka ule ule alikuwa ameshapeleka wanawake wengine kuuawa kwa shitaka hilo.

Watoto wake walifungua kesi ya kashfa dhidi ya jirani. Ikaburutwa miaka mitano. Katikati Katharina akafanya kosa kubwa: alimpa liwali kikombe cha fedha ili amalize maneno. Kikombe kikaandikwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Usiku wa tarehe 7 Agosti 1620 wakamfuata nyumbani kwa binti yake Margaretha, mke wa mchungaji, huko Heumaden, ambako leo ni mtaa wa Stuttgart. Walimtoa nje ndani ya sanduku la nguo ili majirani wasione. Napita Heumaden kwa basi kila nikienda kwa mteja wangu wa Jumatano, na kila mara nalifikiria sanduku lile.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwanawe mkubwa, Johannes Kepler, ndiye yule mtaalamu wa nyota aliyegundua jinsi sayari zinavyolizunguka jua. Alikuwa Linz, Austria, mbali sana kwa farasi na gari la kukokotwa. Alipopata habari alimwandikia mtawala wa Württemberg, Duke Johann Friedrich, akiomba kesi isiendelee mpaka afike. Kisha akafunga safari, na mwishoni mwa Septemba alikuwa amefika.

Angalia alichoomba. Barua ya kwanza haikusema "mwachie mama yangu". Iliomba muda. Baada ya hapo akataka mashtaka yaandikwe ili yajibiwe kwa maandishi. Mdogo wake Christoph, fundi wa vyombo vya bati, aliyeona aibu mbele ya watu wa mji wake, aliomba kesi iondolewe Leonberg, nayo ikapelekwa mji wa Güglingen. Haya ni maombi madogo madogo, moja moja, na mengi yalikubaliwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Ombi lilipelekwa ofisi ya mtawala hapa Stuttgart. Huko kulikuwa na wanasheria na makarani waliosoma. Karani aliandika uamuzi mfupi, na amri ikateremka kwa liwali: eleza, jibu, leta nakala. Kwa hiyo ombi lenyewe halikufungua mlango wa gereza. Kazi yake ilikuwa kumlazimisha liwali aandike. Na liwali aliyezoea kutenda mambo usiku, akiambiwa aandike, anaanza kuogopa karatasi yake mwenyewe.

Mashtaka yalikuwa 49. Utetezi wa mwisho ulikuwa na kurasa 128, sehemu kubwa ikiwa kazi ya Johannes, akisaidiwa na rafiki yake wa chuo, Christoph Besold, mwalimu wa sheria wa Tübingen. Kila shahidi alipekuliwa: uliona, au ulisikia? Ulianza kusema lini? Mwalimu mmoja wa shule alidai amelemaa kwa kinywaji cha Katharina. Utetezi ukaonyesha kwamba mtu huyo aliumia alipokuwa akiruka mtaro na mzigo mzito. Ursula naye alikuwa na ugonjwa kabla ya kinywaji. Karani wa mahakama alichukia mpaka akaandika kwenye daftari kwamba mfungwa amefika na, kwa bahati mbaya, mwanawe yuko naye.

Jalada likaenda kwa wanasheria wa Tübingen. Uamuzi wao: asiteswe, ila atishwe kwa kuonyeshwa vyombo vya mateso. Tarehe 28 Septemba 1621 wakamfanyia hivyo, mtesaji akisimama kando. Bibi akasema wamfanyie watakalo, hata wakimtoa mshipa mmoja mmoja mwilini hana la kukiri. Akapiga magoti, akasali Baba Yetu. Siku chache baadaye mtawala akaamuru aachiwe.

Alifariki Aprili 1622, nusu mwaka tu baadaye. Hakuweza hata kurudi Leonberg kuishi kwa amani, maana watu walitishia kumuua. Sikufichi hilo. Lakini hakuchomwa moto, alikufa huru, na mafaili yake bado yamehifadhiwa hapa Stuttgart. Msomee mama yote.

Kigogo77

Dada umesimulia vizuri, lakini tusimpe mama wa watu matumaini ya bure. Bibi huyo aliponea jina la mwanawe. Mtaalamu wa hesabu wa Kaisari, mtawala mkuu wa nchi zote za Kijerumani! Mama wa mchapaji atampata wapi Kepler wake? Wanawake wengine wa Leonberg hawakuwa na mtoto wa kumwandikia duke, wakafa. Hiyo barua ilisomwa kwa sababu ya sahihi iliyo chini.

Wanjohi_wa_Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Naongeza habari za Uingereza, maana kule wafungwa wenyewe waliandika, tena makabwela.

Kundi kubwa magerezani London lilikuwa wadeni. Ukidaiwa, mdai wako anaweza kukuweka ndani mpaka ulipe. Ukiwa ndani hufanyi kazi, hivyo hulipi. Na gereza lilikuwa biashara: unalipa ada ya kuingia, ya kitanda, hata ya kutoka. Gereza la Fleet lilinunuliwa kama duka. Mkuu wake John Huggins alilipa pauni 5,000 kupata cheo, na mwaka 1728 akamuuzia Thomas Bambridge na mwenzake kwa bei hiyo hiyo. Ukinunua gereza, pesa yako utairudishia wapi kama si kwa wafungwa?

Waliandika sana. Kwa mfalme, kwa Bunge, kwa mahakimu wa wilaya. Asiyejua kuandika alimlipa mwandishi, yaani mtu wa kazi yako, ndugu mchapaji, kisha akaweka alama ya msalaba. Barua zilikuwa na umbo moja. Mwanzo mwombaji "anaonyesha kwa unyenyekevu". Katikati ndipo penye uhai: jina, siku alizofungwa, watoto aliowaacha, deni kiasi gani. Mwisho anaahidi kumwombea mtawala dua siku zote. Wewe unachapa "natanguliza shukrani", wao walitanguliza dua. Mwandishi ndiye aliyejua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mfungwa alileta vitu vya ndani ya nyumba.

Nyingi hazikujibiwa. Kuna mtu nikimkumbuka nasikia uchungu, Robert Castell. Alikuwa msanifu majengo, kitabu chake kuhusu nyumba za Warumi wa kale kilitoka mwaka ule ule wa 1728. Akaingia Fleet kwa deni. Aliposhindwa kumlipa Bambridge alichotaka, akaamuriwa ahamishiwe nyumba ya mahabusu iliyokuwa na ndui. Castell hakuwahi kuugua ndui. Alimsihi asimpeleke, akamwambia wazi kwamba atakufa. Akapelekwa, akafa Desemba 1728, akiacha mke na watoto.

Lakini alikuwa na rafiki bungeni, James Oglethorpe. Februari 1729 Oglethorpe akaomba kamati ya uchunguzi, na kamati ikaenda gerezani kwa miguu yake. Katika Fleet walimkuta Sir William Rich amefungwa pingu. Katika Marshalsea, gereza jingine la London, upande wa maskini, walikuta watu zaidi ya 300, wengi wakifa kwa njaa. Kwa miaka mingi yaliyomo humo yalikuwa yameandikwa na kuandikwa tena. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliosoma waliinuka vitini.

Bambridge alishitakiwa akaachiwa. Bunge likamwondolea cheo kwa sheria.

Forodhani

Assalaam alaykum. Kwa upande wa Bara Hindi, Jahangir alipotawazwa mwaka 1605 aliamuru utengenezwe mnyororo wa dhahabu, urefu gaz 30 (gaz ni kipimo chao cha urefu), wenye kengele 60, upande mmoja ufungwe kwenye ngome ya Agra na mwingine kwenye nguzo ya jiwe kando ya mto. Mwenye kudhulumiwa autikise, mfalme asikie bila kupitia kwa maofisa. Ameyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake. Nia ni nzuri, ila mtu aliye gerezani hafiki mtoni. Lazima atokee wa nje wa kwenda kuutikisa kwa niaba yake. Nadhani hapo wanakutana na bibi wa dada BintiPongwe.

BintiPongwe

Kaka Kigogo77, neno lako ni zito na sehemu yake ni kweli. Wale wanawake wengine wa Leonberg nawafikiria pia, na inaniuma kwamba najua jina la Katharina kuliko majina yao. Ila kwamba sahihi ndiyo iliyomwokoa, hapana. Nitakupeleka Bamberg, mji mwingine wa Ujerumani, miaka michache tu baadaye.

Bamberg ilitawaliwa na askofu, Johann Georg Fuchs von Dornheim. Mwaka 1627 alijenga jengo maalumu la kuwaweka waliotuhumiwa uchawi. Humo hawakuingia mafukara peke yao. Johannes Junius alikuwa meya wa mji. Mwaka 1628, mikono ikiwa imeharibiwa kwa mateso, alimwandikia binti yake Veronika barua ya siri, akimweleza kwamba alikiri uongo kwa sababu hakuweza kuvumilia tena. Meya mzima! Aliuawa.

Na Dorothea Flock. Alikamatwa akiwa mjamzito. Mumewe alikuwa mtu mwenye uwezo, ndugu zake walikuwa Nürnberg, na wote waliandika mpaka kwa Kaisari Ferdinand wa Pili mwenyewe. Kaisari alisikia, akatoa amri. Mwaka 1630 watu wa askofu waliharakisha wakamuua, na amri ya Kaisari ikafika akiwa ameshakufa. Hebu fikiri: barua ilisomwa, ikakubaliwa, ikajibiwa na mtawala mkubwa kuliko wote katika nchi zile, na bado mwanamke akafa kwa sababu ya siku chache.

Kwa hiyo sahihi kubwa haitoshi. Junius alikuwa na cheo, Dorothea alikuwa na Kaisari. Alichokuwa nacho Katharina ni mtu aliyeomba kwanza kesi isimame, kabla ya jambo lolote. Johannes aliupata muda. Mengine yote, zile kurasa 128, yule mwalimu na mtaro wake, yaliingia ndani ya muda huo. Na muda haukuombwa kwa hesabu za nyota. Aliuomba kama mtoto anayemwombea mamaye.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Miezi ile ya 1630, Kaisari na wakuu wa nchi walikuwa wamekutana Regensburg, na waliokimbia Bamberg walifika pale kulalamika, mpaka Kaisari akambana askofu. Vuli hiyo hiyo Johannes Kepler naye alikwenda Regensburg, na yeye alikuwa na ombi lake: mshahara wa miaka mingi ambao hazina ya Kaisari haikumlipa, karibu gulden 12,000, sarafu za wakati ule. Aliugua muda mfupi baada ya kufika, akafia pale tarehe 15 Novemba. Aliyemwombea mama yake akafanikiwa, lake mwenyewe hakulipata. Nimesimama kwenye mtaa ule wa Regensburg nikalia kama mjinga, wenzangu wakidhani nimepoteza simu.

Kigogo77

Dada, nimekuelewa. Habari ya muda sikuifikiria. Natoa neno langu la "matumaini ya bure".

MchapaBarua

Wakuu, asanteni sana. Dada BintiPongwe, marahaba, na Mungu akulinde huko na hao mabibi zako.

Jana nilifunga meza mapema nikaenda kwa yule mama. Anakaa kwa dada yake, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimsomea yote kwenye simu, pamoja na lile sanduku la nguo. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi nipaze sauti, na wasagishaji wakasogea kusikiliza. Nilipofika kwenye mnyororo wa miezi kumi na minne aliniambia nisimame kidogo. Akaingia ndani, akatoka na maji, akaniambia endelea. Habari za kifo cha Katharina sikumruka. Alitikisa kichwa, akasema, "Lakini alilala kitandani pake."

Kisha nikamtolea nakala za barua zetu nne. Nimeziweka zote kwenye faili. Tukazipitia mimi na yeye. Wakuu, naandika haya kwa uchungu: zote nne zinasema kitu kimoja, kwamba kijana hana hatia na mama ni mjane. Hakuna hata moja iliyoomba nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Hakuna inayotaja siku aliyokamatwa. Hakuna iliyoomba jibu la maandishi. Mimi ndiye niliyezichapa, na nilichapa nilichoambiwa, kama nilivyofanya miaka kumi na tisa.

Nikamuuliza lile swali la utetezi wa Katharina, kuhusu yule jirani anayemshuhudia mwanawe. Aliona, au alisikia?

Mama alifikiri muda mrefu. Dada yake ndiye aliyejibu, kutoka jikoni: "Alisikia. Usiku ule yeye alikuwa msibani Kilosa. Nilikuwa naye."

Jumatatu saa mbili asubuhi wanakuja wote wawili kwenye meza. Barua ya tano nimeshaianza.